Kabla dada hajasaini ile fomu

Wiki iliyopita kwenye kipindi niligusia tu habari ya fomu aliyonitumia dada, nikaahidi nitaiandika vizuri. Mwanawe ana miaka 14, wanaishi hapa Houston, na shuleni wameshamwambia ana mwili wa kucheza futiboli ya Kimarekani. Dada akanipigia: "Wewe ulicheza. Isome hii uniambie nisaini au nisisaini."

Kweli nilicheza, misimu miwili. Fomu yangu Mama aliisaini jikoni, mikono ina unga, bila kuisoma, maana mtafsiri nilikuwa mimi mwenyewe. Nikamwambia ni ruhusa ya michezo, basi. Ukurasa wa hatari niliuruka. Siku moja mazoezini tuligongana vichwa na mwenzangu, nikaona weupe mtupu. Kocha akanionyesha vidole, nikahesabu, nikarudi uwanjani. Nyumbani sikusema neno.

Safari hii nimeisoma yote, nikatafuta na ilikotokea.

Mchezo huu uliwahi kukaribia kufutwa. Mwaka 1892 Harvard walileta mtindo wa kabari: wachezaji wanajipanga kama herufi V, wanakuja mbio wote pamoja, mwenye mpira kajificha ndani, wanamvaa mpinzani mmoja. Ulipigwa marufuku miaka miwili baadaye, lakini kurundikana na kukanyagana kuliendelea. Mwaka 1905 gazeti la Chicago Tribune likahesabu waliokufa msimu ule: hawakupungua 18, wengi wao vijana wadogo. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwanawe alikuwa akicheza Harvard, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Chuo cha Columbia kikaachana na mchezo kabisa. Mwaka 1906 sheria zikabadilika: ruksa kurusha mpira mbele kwa mkono, na timu itafute yadi 10 badala ya 5, ili watu watawanyike uwanjani. Chombo kilichozaliwa wakati ule ndicho leo kinaitwa NCAA.

Halafu helmeti. NFL iliilazimisha mwaka 1943. Ilipokuja kuwa ya plastiki ngumu, kinga ikageuka silaha, yaani watu wakaanza kutanguliza kichwa kama nyundo. Mwaka 1968 walikufa wachezaji 36 kwa majeraha ya uwanjani. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo cha kuweka viwango vya helmeti, na mwaka 1976 kutanguliza kichwa kukakatazwa katika shule na vyuo. Mwaka 1990 hakufa hata mmoja kwa pigo la moja kwa moja.

Ungedhani hapo shida imekwisha. Kumbe vifo ndivyo vilivyokuwa vinahesabika, ubongo ulikuwa hauhesabiwi.

Mike Webster alichukua ubingwa mara 4 na Pittsburgh Steelers. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, baada ya miaka mingi ya kupoteza kumbukumbu na kuishi kwa shida. Aliyemchunguza alikuwa Bennet Omalu, daktari kijana mzaliwa wa Nigeria, ambaye futiboli wala hakuwa anaifuatilia. Akakuta ubongo umeharibika kwa ugonjwa unaoitwa CTE, unaotokana na kupigwa kichwa mara kwa mara, hata mapigo ambayo hayamwangushi mtu. Alipochapisha mwaka 2005, madaktari wa kamati ya NFL walidai makala yake iondolewe. Ligi ilikuja kukubali hadharani kwamba mchezo unahusiana na CTE mwaka 2016.

Na hata walipokubali kulipa fidia, tuliwekewa mizani yetu. Vipimo vilivyotumika vilichukulia kwamba mchezaji mweusi alianza na uwezo wa akili wa chini kuliko mweupe. Kwa hiyo ilibidi mweusi aharibike zaidi ndipo alipwe. Wachezaji wawili wa zamani walishtaki mwaka 2020, na mwaka uliofuata NFL ikaahidi kuuacha utaratibu huo.

Nilipofika hapo nikampigia dada. Nikamwambia nisingesaini mwaka huu. CTE inathibitishwa mtu akishafariki, kwa hiyo hakuna daktari atakayempima mtoto mwakani akatuambia yuko salama. Kama lazima acheze, amuulize kocha mazoezi ya kugongana ni siku ngapi kwa wiki, na nani ana mamlaka ya kumtoa mtoto uwanjani, kocha au mtu wa afya.

Jumapili tulikaa kwa Mama, nikaisoma fomu yote kwa Kiswahili, ukurasa wa hatari nao. Mpwa wangu akanikatiza: "Mjomba, mbona wewe ulicheza na uko sawa?" Ikabidi nisimulie ile siku ya weupe. Mama alininyamazia kwanza. Kisha akauliza, "Na ile karatasi niliyosaini mimi, haya yalikuwamo?"

Nikamwambia yalikuwamo.

Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa, na dada bado hajasaini. Kama na wewe ulikuwa mtafsiri wa nyumbani ukaruka ukurasa, tuandikie. Tutarudi kwenye hili kipindi kijacho.