Nani Humlea Mwanafunzi Mkubwa?

Wasikilizaji wetu wa Mtowisa na bonde lote la Rukwa, hapo kale kijana aliyebalehe hakuachwa ajilee mwenyewe. Wazee walimweka karibu nao, shambani na penye moto wa jioni, wakamfundisha kazi, heshima na mambo ya unyumba. Shule za bweni zilipokuja zilimwondoa katika mazungumzo yale. Ndipo likazuka swali: nani atamlea?

Katika Tanganyika ya miaka ya 1920 yalijaribiwa majibu mawili. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyowapokea kwanza hasa watoto wa machifu, ilifuata desturi ya Uingereza. Wanafunzi waligawanywa kwa nyumba, na wakubwa wakafanywa viranja. Hivyo walijifunza kushika madaraka. Lakini kiranja naye ni kijana, na amri si malezi. Julius Nyerere alisoma huko tangu 1937 hata 1942. Walimu walipompendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule alikataa, akimwona ni mpole mno. Mpole huyo ndiye nchi nzima iliyekuja kumwita Mwalimu.

Jibu la pili lilitoka Malangali, katika nchi ya Iringa. Mwaka 1928 Bwana Mumford alianzisha huko shule ambayo wazee wa makabila waliitwa kuja kuwafundisha vijana historia na mila zao. Waliomlaumu walisema kwamba alikuwa akimfunga kijana katika mambo ya kale, naye alihitaji elimu ya kazi mpya. Jaribio hilo halikudumu. Hata hivyo, jambo moja Bwana Mumford aliliona sawasawa: kijana wa shule angali anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye.

Tutazame sasa kwetu. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za Serikali hata kidato cha nne, na vijana wengi wamepata nafasi. Lakini ambaye kwao ni mbali, na bweni hana, hupanga chumba kijijini. Hujipikia, hulala apendapo, wala hapana amwulizaye kwa nini leo hakwenda darasani. Kadhalika, tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya uzazi ameruhusiwa kurudi. Lakini ruhusa haina miguu. Yampasa mtu aende nyumbani kwao akamwite.

Basi twaona yafaa kila mwanafunzi mkubwa awe na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, mwalimu au mzee wa kijiji. Mlezi huyo ajue kijana alalapo, amwulize habari zake kila juma, amsikilize kabla ya kumkaripia, na amsaidie kufikiri juu ya kazi atakayoifanya.

Wako wasemao samaki hukunjwa angali mbichi, na kijana wa miaka 17 amekwisha kukauka. Sisi tuwafundishao hatukubali. Kijana wa umri huo angali akitafuta wa kumwuliza. Akimkosa mzee, atamwuliza mwenziwe asiyejua.