Ugatuzi tulikuwa nao, tukapokonywa

1/ Kila mjadala wa TV lazima mtu aseme ugatuzi ulianza 2010. Mimi nabisha. Tulianza 1963.

2/ Katiba ya uhuru ilitupa majimbo 7, kila moja na bunge lake, Nairobi ikiwa kando. Juu yake kulikuwa na Seneti ya watu 41.

3/ Haikudumu. Serikali kuu iliyabania majimbo pesa. Kufikia Desemba 1964, tulipokuwa jamhuri, yalikuwa yamepokonywa nguvu. 1966 Seneti nayo ikaenda. Na sisi wananchi? Hatukuulizwa. Wabunge walibadilisha Katiba wenyewe.

4/ Ndiyo maana Katiba ya 2010 imeweka kufuli mbili. Kaunti 47 lazima zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizoidhinishwa na Bunge. Na malengo ya ugatuzi hayaguswi bila kura ya maamuzi.

5/ Lakini hakuna kura ya maamuzi inayopigwa pesa zikichelewa. Kwa hivyo ukisikia zahanati haina dawa, muulize gavana wako, sawa, lakini uliza pia hela zilitumwa lini. Majimbo hayakuuawa siku moja. Yalianza kwa kunyimwa pesa.