Maswali ya Misafara na Maswali ya Redio

Yeyote aliyepata kukaa Unyamwezi ajua ya kuwa mgeni haulizwi neno la maana mpaka amepewa kiti na maji, na salamu zimekwisha. Ndipo huulizwa atokako na aliyoyaona njiani, na waliopo hukaa kimya wakisikiliza. Yafaa tuikumbuke desturi hii tunapozungumza juu ya mahojiano ya redio, maana wengi wetu vyuoni twadhani kwamba sanaa ya kumwuliza mtu mbele ya wasikilizaji ililetwa pamoja na mitambo.

Tabora, ambayo Burton na Speke waliifikia mwaka 1857 wakaiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji na ile iendayo kaskazini. Huko habari ilikuwa na thamani kama pembe. Mwaka 1871, Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya magharibi ilifungwa, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Katika siku kama zile jibu la uwongo juu ya njia liliweza kuua watu. Kwa hiyo waliuliza kwa makini, tena walimwuliza zaidi ya mmoja.

Lakini walioandikwa ni wachache. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na W. H. Whiteley akayatoa upya mwaka 1958 na 1959 katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili. Ni hazina kubwa. Hata hivyo, wapagazi wa Kinyamwezi wamejaa katika safari zile, wala hatumsikii mmoja wao akisimulia maisha yake mwenyewe. Brode alimwuliza mwenye msafara.

Redio ilirithi tabia hiyo. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951; mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania chini ya serikali. Vijijini kama Ziba, katika nchi ya pamba ambayo leo ni Wilaya ya Igunga, redio ilikuwa kitu cha ukoo mzima. Betri zikichoka zilianikwa juani, na jioni watu wakakusanyika. Waliosikika wakihojiwa walikuwa mabwana shamba, waganga, viongozi, na mara kwa mara watunzi. Waandishi waliulizwa kwa adabu mno. Mwandishi huulizwa alianzaje kuandika, hali kitabu chake kina jambo zito linalongoja swali. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikieleza malezi makali ya msichana na maangamizi yake, ikazuiwa mashuleni kwa muda. Hapo ndipo mhoji hodari angestahili mshahara wake: si kumwuliza mwandishi peke yake, bali na mzazi aliyekasirika, na msichana mwenyewe.

Jaribio lililokaribia zaidi kuigeuza hali hii halikuitwa mahojiano hata kidogo. Baada ya Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970 na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa. Kwa majuma 12 walisikiliza kipindi, wakasomewa kitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha wakaulizana: Malaria yatupataje hapa kwetu? Nani hana choo, na kwa nini? Halafu waliazimia kazi, wakachimba vyoo. Naona hii ndiyo sehemu bora ya historia ya redio yetu, kwa sababu swali lilitoka katika kisanduku likaingia chini ya mwembe, na jirani akamjibu jirani mbele ya macho yake. Ila jibu halikurudi hewani. Sauti ilishuka tu.

Na upungufu huo haukuwa mdogo. Mwaka huohuo wa 1973 iliamriwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wakae katika vijiji. Wengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Hapo palikuwa na swali moja kubwa la kumwuliza mgeni yeyote wa redio, lakini chombo kilikuwa cha serikali.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio za watu binafsi, na simu ya mkononi ikampa msikilizaji ulimi. Nami nilisikia kipindi kimoja, ambacho jina lake halina faida hapa, mgeni wake akieleza kwa ufasaha faida za kilimo cha pamba. Mama mmoja alipiga simu, akatoa salamu ndefu kama ilivyo ada ya kwetu, akauliza bei ya kilo itatangazwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna. Mgeni alimshukuru kwa swali zuri, akaeleza mipango. Mama akasema, “Sawa, baba, nimesikia. Lakini ni kabla au ni baada?” Mtangazaji akasema muda umekwisha, akapiga muziki.