Kificho, Si Hazina

Geocaching ni mchezo wa kuficha na kusaka. Mtu mmoja huchukua kichombo kisichoingia maji, hutia ndani yake kidaftari, hukificha mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kupita, labda chini ya benchi, katika mwanya wa jiwe au kwenye shina la mti, kisha hutangaza mtandaoni namba za latitudo na longitudo za mahali hapo. Mwingine, pengine wa nchi nyingine kabisa, huziingiza namba hizo kwenye simu yake, hufuata mshale hadi afike, hupekuapekua, hukipata, huandika jina na tarehe kwenye kidaftari, na hukirudisha palepale alipokikuta. Vichombo vya aina hii vimezidi milioni tatu duniani, na miongoni mwa wanaovisaka kwa bidii wamo abiria wa meli za kitalii, wanaoshuka bandarini kwa saa chache na kutaka kuuona mji bila kutoboka mfuko. Kiswahili bado hakijawa na jina moja la mchezo huu. Tafsiri inayowahi kufika mdomoni ni "usakaji wa hazina". Nashikilia kwamba tafsiri hiyo inapotosha, na kwamba neno tunalolihitaji limo tayari kamusini. Neno hilo ni kificho.

Tuanze na lile jina la kigeni, kwa maana nalo lilipatikana kwa mabishano. Hadi tarehe 1 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mtu yupo wapi, waliyoachiwa raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa yupo mita 100 kando ya pale aliposimama. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na kwa usiku mmoja usahihi ukaongezeka karibu mara kumi. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alikwenda karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akaacha ndoo nyeusi yenye kidaftari, penseli, vitabu, kanda za video, manati na kopo la maharage, akazitangaza namba za mahali hapo kwa wapenzi wenzake wa GPS. Haikupita wiki Mike Teague akawa ameiona. Mwanzoni wenyewe waliuita mchezo huu kwa neno la Kiingereza linalomaanisha kitu kilichofichwa kwa siri, lakini neno hilo lilikuwa na harufu ya bangi na mali ya wizi. Ndipo mwishoni mwa Mei hiyohiyo Matt Stum akapendekeza jina jipya. Akachukua "geo", yaani ardhi kwa Kigiriki, akaliunga na "cache", neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa cha kuficha. Wawindaji wa manyoya wa Amerika ya Kaskazini walilitumia kwa mahali walipoficha chakula na zana zao ili wavikute watakaporudi. Kwa hiyo kiini cha jina hili tangu siku ya kwanza ni tendo la kuficha. Utajiri haumo.

Neno hazina, kinyume chake, ni la utajiri mtupu. Asili yake ni Kiarabu, na katika matumizi ya serikali zetu ndilo jina la mahali fedha za umma zinapokaa. Mtanzania akisikia "hazina iliyofichwa", akili yake haimwendei mtalii mwenye simu mkononi. Humjia simulizi za rupia ambazo Wajerumani wanadaiwa kuziacha chini ya maboma yao, simulizi ambazo zimewashikisha watu majembe na kuwafukuza usingizi kwa zaidi ya karne moja. Hazina kwetu hufukuliwa. Kanuni za mchezo huu zinakataza kufukua: kichombo hakizikwi ardhini, na msakaji haruhusiwi kuchimba wala kuharibu kitu ili akipate. Ni kweli kwamba ndoo ya Ulmer ilifukiwa nusu, lakini wachezaji waliiacha desturi hiyo mapema, na wamiliki wa ardhi na wasimamizi wa hifadhi walikuwa na haki kabisa ya kuilalamikia. Jina linalomwita mtu aje na jembe si jina la mchezo wa kuacha kila kitu kama kilivyokuwa.

Na ndani ya kichombo mna nini? Vingi ni vidogo sana. Kile cha kawaida mijini ni kikopo cha plastiki kilichowahi kuhifadhi mkanda wa kamera: ukibandua kifuniko unakuta kikaratasi kirefu, chembamba kama utepe, kimeviringishwa na kufungwa kwa mpira, kimejaa majina yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kubana na tarehe za miaka kadhaa. Penseli mara nyingi haienei, inabidi uje na ya kwako. Vilivyo vikubwa zaidi huwa na vitu vya kubadilishana, kama sarafu za nchi za mbali, gari la plastiki, shanga au beji, na adabu ni kwamba ukichukua kimoja unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Anayetafuta hazina atakiona kikopo hiki na kudhani ametapeliwa. Anayesaka kificho atakuwa amepata alichokifuata.

Kwamba mchezo huu hauhusu mali, safari ya meli ya kitalii ndiyo inayolionyesha jambo hilo waziwazi kuliko yote, kwa sababu pale kila kitu kina bei. Kampuni ya meli huuza ziara za bandarini kwa makumi ya dola kwa kila mtu, nyingine hupita mia, na familia ya watu wanne inaweza kujikuta ikilipa kwa ziara mbili tatu fedha za kutosha safari nyingine. Msakaji wa vificho hushuka kwa miguu yake. Simu hupokea ishara za setilaiti bure, kama redio inavyopokea matangazo. Kinachogharimu ni intaneti, nayo huepukwa kwa kupakua ramani na maelezo ya vificho kabla ya kuondoka nyumbani. Tuchukue Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ambako meli hufunga gati karibu kabisa na maduka ya Bay Street. Ukiyapita maduka hayo na kupandisha kilima kuelekea ngome ya Fincastle, unafika kwenye korongo lililochongwa kwenye jiwe la chokaa na watu waliokuwa utumwani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Humo mna ngazi iliyopewa baadaye jina la Malkia Victoria. Kuta zake zina urefu wa makumi ya futi, na jiwe lake, kama lilivyo jiwe la sehemu kubwa ya visiwa hivyo, ni mchanga wa bahari uliorundikwa na upepo ukagandamana kuwa mwamba. Mwenye asili ya Mombasa au Unguja, ambako nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, hatahitaji kuelezwa kwamba bahari inaweza kuzaa ukuta.

Mahali pa aina hii ndipo panapofaa ile aina ya mchezo ambayo haina kichombo chochote, iliyoanza mwaka 2004 na kushirikisha Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Namba zinakufikisha kwenye mwamba, na badala ya kukuta kikopo unakuta maswali: tabaka zimelala upande gani, chembe zina ukubwa gani, ukuta huu unasema nini kuhusu upepo wa zamani? Unachunguza, unapima kwa jicho, unampelekea majibu aliyeutunga msako. Hakuna cha kuchukua na hakuna cha kuacha. Neno "hazina" hapa halina hata pa kushikia, isipokuwa tuanze kulitumia kwa mafumbo, tuseme kwamba maarifa nayo ni hazina. Lugha ya mafumbo ni nzuri katika ushairi, ila istilahi huhitaji kusimama bila mkongojo huo.

Yapo mapendekezo mengine, na yanastahili kupimwa kwa haki. Kutohoa moja kwa moja na kusema "jiokashi" hakuna kosa la kisarufi. Tunayo jiografia, jiolojia na jiometri, kwa hiyo "jio" ni mwenyeji wa siku nyingi. Hata hivyo nusu ya pili ya neno ingebaki bubu, kwa kuwa "kashi" haimwambii Mswahili lolote. Lipo pendekezo linalovutia zaidi, la kuchukua "kasha" na kusema "jiokasha". Sauti zinakaribiana mno, na maana inaelekea kukubali, kwani kweli kuna kisanduku. Lakini ukaribu huo ni wa sadfa. Kasha lilitujia kutoka Kireno, na katika pwani yetu kasha ni kitu cha heshima na cha uzito, sanduku la mbao lenye misumari ya shaba la kutilia nguo na vyombo vya thamani. Kikopo cha mkanda wa kamera hakiwezi kuitwa kasha. Ukikilinganisha na vitu vya nyumbani, kinaangukia upande wa kijaluba cha tambuu. Tena kasha ni jina la chombo, na tumekwisha kuona kwamba chombo si lazima kiwepo. Kilicho cha lazima ni kuwa kuna jambo limefichwa na mtu kwa ajili ya mtu mwingine alitafute.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kificho ni la jirani yake wa karibu, yaani "maficho". Magazeti yetu yamelizoesha neno hilo kwa majambazi: polisi wamevamia maficho, silaha zimekutwa mafichoni. Atakayeuliza kama mchezo wa watoto na wazee unaweza kubeba jina lenye ukoo huo ana haki ya kuuliza, na ndilo swali lilelile lililowafanya Wamarekani wabadilishe jina mwezi wa Mei 2000. Jibu langu ni kwamba ngeli inatuokoa. Maficho ni mahali mtu anapojificha asionekane kabisa, nacho kificho, kwa kiambishi chake cha ki-, kinakubali kuwa kitu kimoja, kidogo, kinachohesabika: kificho hiki, vificho vitano, nimepata vificho vitatu leo. Umbo hilo ndilo mchezo unalolidai. Isitoshe, mzizi wa -ficha una upande wake wa furaha ambao kila aliyekua uswahilini anaujua. Kombolela ni kujificha na kutafutana, na hakuna mtoto aliyewahi kuitwa jambazi kwa kujificha nyuma ya mlango katika kombolela.

Wengine watasema kwamba "usakaji wa vificho" unaiacha nje setilaiti, ambayo ndiyo iliyouzaa mchezo. Ni kweli, unaiacha, na sioni hasara. Simu kwa asili ni waya, neno lililotufikia kutoka Uajemi. Leo tunaiita simu na waya hauonekani, wala hakuna anayepotea njia. Jina la kitu halilazimiki kubeba mtambo wake, hasa mtambo unaobadilika kila baada ya miaka michache. Waingereza walikuwa wakisaka masanduku ya barua yaliyofichwa kwenye nyika ya Dartmoor tangu 1854, na hawakuwa na setilaiti yoyote. Jina linalowajumuisha na hao ni pana kwa faida. Tena linazaa jamaa zake bila kulazimishwa: anayeficha ni mfichaji, anayetafuta ni msakaji, maelezo ya kusaidia ni kidokezo, kile kinachohitaji kwanza kufumbua swali ni kificho cha fumbo, na kile cha mwamba wa Nassau ni kificho cha jiolojia. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likishauri tangu zamani kwamba istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Hapa tumeitafuta na tumeiona.

Nakubali kwamba urahisi wa mchezo una masharti yake. Meli haimsubiri aliyejiendea mwenyewe, na saa ya meli inaweza kutofautiana na saa ya mji, kwa hiyo msakaji asiyeangalia muda ataokoa dola hamsini na kulazimika kununua tiketi ya ndege ili aifuate meli. Lipo na jambo la kwetu. Mtu anayeinama chini ya mti na kupapasa mwanya wa ukuta anaweza kushukiwa kuwa anatega bomu au anazika uchawi, na miji iliyoumizwa na milipuko ya Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, haiwezi kulaumiwa kwa kuogopa kifurushi kisicho na mwenyewe. Kwa sababu hiyo vificho hufaa kuwekwa kwa idhini ya mwenye mahali, viandikwe nje ni nini, na mlinzi wa eneo ajue. Hapo ndipo jina lililo wazi linapofanya kazi ambayo "jiokashi" haliwezi kuifanya. Askari akiuliza, mgeni anahitaji maneno mawili ambayo askari atayaelewa bila kamusi.

Meli za kitalii zinatia nanga Mombasa na Zanzibar, na baadhi ya abiria wake watashuka wakiwa na namba za latitudo mkononi na saa chache za kuzunguka. Ninyi mnaoongoza wageni, mnaotafsiri programu za simu na mnaotunga kamusi, msiwaandikie kwamba wamekuja kutafuta hazina. Andikeni kwamba wanasaka vificho.