Maporomoko na Dizeli
Ni ajabu kwamba maporomoko ya Rusumo yalinguruma mpakani mwa Ngara, na huku watu wa Ngara na Biharamulo wakiwashiwa taa kwa dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya Taifa. Dizeli ilikuwa ghali, lakini bei ya umeme, iliyoidhinishwa na EWURA, chombo cha sheria ya 2001, ilikuwa ileile ya Dar es Salaam. Haki hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa na kasoro: kila mteja mpya alimzidishia muuzaji pekee hasara, naye hakuwa na sababu ya kumkimbilia. Mkataba wa bonde la Kagera ulitiwa saini Rusumo mwaka 1977. Megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa, hazikuanza kuzalishwa hadi 2023. Njia ya kilovolti 220 yapita sasa hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo.