Kabla ya Kadi ya Dhahabu: Viza iliyowaliza wawekezaji Vermont

Septemba 19, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kuanzisha Kadi ya Dhahabu: mgeni atoe dola milioni moja kama zawadi kwa serikali ya Marekani, afunguliwe njia ya ukaazi. Wengi waliolipinga jambo hilo walilizungumzia kama kitu kipya. Si kipya hata kidogo.

Sheria ya uhamiaji aliyoisaini George H. W. Bush Novemba 29, 1990, ndiyo iliyozaa bahati nasibu ya Green Card, ile ambayo vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wamekuwa wakiijaza kwa miaka mingi. Sheria hiyohiyo ilizaa viza ya EB-5 kwa wenye nazo: wekeza dola milioni moja, au 500,000 vijijini na penye uhaba mkubwa wa ajira, uzalishe ajira 10, upate ukaazi wewe na familia yako. Mwaka 1992 wawekezaji wakaruhusiwa kuchanga mitaji kupitia vituo vya kanda, yaani taasisi zilizoidhinishwa kusimamia miradi ya EB-5.

Lakini sheria inataka mtaji uwe hatarini. Mwekezaji haruhusiwi kuhakikishiwa kwamba fedha zake zitarudi. Mwenye nia mbaya akishika fedha hizo, ana kisingizio tayari.

Ndivyo ilivyokuwa Jay Peak, kwenye milima ya Vermont karibu na mpaka wa Kanada, watu wanakokwenda kuteleza kwenye theluji. Kituo cha kanda kilikuwa cha serikali ya jimbo lenyewe, na wageni wakaona wako mikono salama. Mwanzoni mwa 2014, wawekezaji 35 wa hoteli ya kwanza iliyojengwa hapo kwa fedha za EB-5, kila mmoja akiwa ametoa dola 500,000, wakaarifiwa kwamba umiliki wao ulikwishafutwa tangu mwaka uliotangulia. Walichobaki nacho ni hati ya deni.

Aprili 2016 mdhibiti wa masoko ya mitaji, SEC, alikwenda mahakamani. Kwa mujibu wa mashtaka yake, miradi ilikusanya zaidi ya dola milioni 350 kutoka kwa watu wa nchi zisizopungua 74, na zaidi ya milioni 200 zikatumika kinyume. Mmiliki wa Jay Peak, Ariel Quiros, alidaiwa kujinunulia hadi nyumba ya kifahari New York. Katika mji wa Newport, jimboni humo, majengo ya katikati yalikwishabomolewa kupisha mradi, likabaki shimo. Kiwanda cha teknolojia ya kibayolojia, AnC Bio, walichoahidiwa wakazi hakikujengwa. Quiros alikiri makosa, na mwaka 2022 akahukumiwa miaka mitano jela.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipandisha kiwango cha chini kabisa cha uwekezaji wa EB-5, kile cha 500,000, hadi dola 800,000 na kukaza ukaguzi. Kwa maoni yangu, ulinzi huo ulichelewa mno: serikali iliyoalika fedha za wageni ilipaswa kuzilinda tangu siku ya kwanza.

Nawe unayeitwa kwenye semina za mawakala hotelini, kabla ya kutuma hata senti moja, tafuta mwanasheria wako mwenyewe asiyelipwa na mwenye mradi.