Jinsi Alumini Ilivyopata Kuungwa

Wasikilizaji, sufuria nyepesi ya alumini mwaijua nyote, na mwajua pia taabu yake ipatapo tundu. Chuma hakimshindi mhunzi: hukitia motoni hata kikawa chekundu, akavigonga vipande viwili vikashikamana. Alumini haina tabia hiyo. Haigeuki rangi ili kumwonya fundi. Ghafula huyeyuka ikaanguka, naye akabaki na tundu kubwa kuliko la kwanza.

Madini haya yamo tele ardhini, lakini yalikaa yamefichika mpaka 1825, Hans Christian Ørsted wa Denmark alipofaulu kuyatoa kidogo. Hata 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington, waliuvika kileleni ncha ya alumini isiyotimia kilo 3, maana ilikuwa kitu cha fahari. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wote waliozaliwa 1863, kila mmoja kwao alivumbua njia ile ile ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Ndipo bei ikaanguka.

Kuipata ikawa rahisi, kuiunga bado. Sababu ni ngozi yake. Alumini ikutanapo na hewa, papo hapo huvaa utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio uilindao isiliwe kama chuma kiliwavyo na kutu. Lakini alumini yenyewe huyeyuka kwa moto wa digrii 660, na utando wake hauyeyuki mpaka moto upite digrii 2,000. Basi ndani mmekuwa maji, nje bado mna gamba. Matone mawili yatachanganyikaje, ikiwa kila moja limo katika mfuko wake?

Mafundi wa zamani walitumia mwali wa gesi pamoja na dawa ya chumvichumvi iliyoula utando huo. Dawa ilifaa, ila isipooshwa vema iliendelea kula, na kiungo kikaoza polepole bila mtu kujua. Fikirini hatari yake katika ndege!

Na ndege ndizo zilizoleta njia mpya. Kampuni ya Northrop ya Marekani ilitaka kuunda ndege kwa magnesi, madini mepesi kuliko hata alumini. Russell Meredith, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alitoa moto wa umeme katika ncha ya tangsteni, akauzungushia heli, gesi isiyoungana na kitu, ili hewa ya kawaida isifike penye kiungo. Alipata hati ya uvumbuzi wake 1942. Alumini nayo ikafuata, kwa kuwa umeme ukipitishwa kwa namna yake huupasua wenyewe ule utando, pasipo dawa.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri lakini ya polepole: mkono mmoja washika moto, wa pili walisha fimbo ya alumini. Mwaka 1948, katika taasisi ya Battelle, jimbo la Ohio, kikatengenezwa chombo ambacho waya wake ndio utoao moto na ndio uyeyukao, ukisukumwa na mota bila kukoma.

Hapo ulaini wa alumini ukaleta taabu nyingine. Waya wa chuma husukumika ndani ya mpira mrefu. Wa alumini hujikunja na kukwama njiani. Jaribu kuusukuma uzi badala ya kuuvuta, utaona. Mafundi wakaifupisha safari: gurudumu dogo lenye waya wa ratili moja hivi likafungwa juu ya bastola yenyewe aishikayo fundi, pamoja na mota yake ndogo, waya usisafiri ila inchi chache.

Bastola hiyo ni nzito mkononi, na waya wake huisha upesi. Hata hivyo fundi aweza kuingia nayo ndani ya mashua ya alumini, akasugua penye ufa kwa brashi ya nyuzi za chuma, akaunga, mashine kubwa ikibaki nje. Waya ukiisha, hufungua kifuniko, akatia gurudumu jingine.